Kuku mzima ni nafuu lini? Jibu kwa msomaji anayetaka kupunguza gharama za jikoni

*“Tuko watano nyumbani, watu wazima wawili na watoto watatu. Kwa miezi kadhaa sasa nimeacha kununua vidari na mapaja, na badala yake nanunua kuku mzima wa takriban kilo moja na nusu kila wiki, kwa kuwa kila mtu ananiambia ndiyo njia ya kubana matumizi. Nampika wote siku hiyohiyo, anakwisha kwa mlo mmoja, kidari kinakuwa kikavu kama karatasi, na mifupa naitupa. Sijaona akiba yoyote. Je, ni kweli kwamba kuku mzima ni nafuu? Na kama ni kweli, nifanyeje ili afike milo miwili au mitatu bila kuwalisha watoto kiporo kitakachowadhuru?”*

Ndugu msomaji, malalamiko yako ni ya haki, na kwanza niseme kwamba hujakosea hesabu zako. Kuku mzima anayepikwa wote kwa siku moja, akaliwa kwa mlo mmoja na mifupa yake ikatupwa, mara nyingi haleti akiba yoyote. Waliokushauri walikwambia nusu ya jambo. Bei ndogo ya kilo ya kuku mzima ni malipo ya kazi ambayo muuzaji hakuifanya, yaani kumkata, kuondoa mifupa na kupanga vipande. Akiba hiyo inakufikia pale tu unapoifanya kazi hiyo mwenyewe na kuvitumia vile vitu ambavyo muuzaji angevitenga: mgongo, shingo, mafuta, ngozi na mifupa.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo itakayokuonyesha kama inafaa kuendelea. Katika kuku aliyekwisha kuchinjwa na kusafishwa, karibu theluthi mbili za uzito ni nyama pamoja na ngozi, na karibu theluthi moja ni mifupa. Kwa hiyo ukitaka kujua kilo moja ya nyama inayolika inakugharimu kiasi gani, chukua bei ya kilo ya kuku mzima uizidishe kwa 1.5. Kidari kisicho na mfupa hakina cha kutupwa, hivyo bei yake ndiyo bei yake. Ikiwa kidari hicho kinauzwa kwa zaidi ya mara moja na nusu ya bei ya kuku mzima kwa kilo, basi kuku mzima ni nafuu hata kabla hujachemsha mfupa mmoja. Ikiwa tofauti ni ndogo kuliko hapo, unachokinunua kwa kumchukua kuku mzima ni mifupa ya supu, na thamani yake inategemea kama utaipika.

Hesabu hiyohiyo ina upande wa pili ambao watu hawausemi sana. Mapaja na miguu yenye mfupa ina mfupa wa karibu robo ya uzito tu, maana yake nyama yake kwa kilo ni nyingi kidogo kuliko ya kuku mzima. Basi siku utakapokuta mapaja yenye mfupa yanauzwa kwa bei ileile ya kilo kama kuku mzima, au chini yake, nunua mapaja bila kusita. Mimi napenda kuku mzima na natetea matumizi yake, lakini sioni sababu ya kumfanya kuwa kanuni ya nyumbani pale ambapo mizani inasema vinginevyo. Angalia pia uzito na hali ya kuku mwenyewe: kwa kawaida kuku mkubwa ana nyama nyingi zaidi kwa kila gramu ya mfupa kuliko mdogo, na kuku aliyegandishwa akiwa amezungukwa na barafu ndani ya mfuko anakuuzia maji kwa bei ya nyama.

Sasa tuje kwenye kuku wako wa kilo moja na nusu. Anakupa takriban kilo moja ya nyama mbichi na ngozi, na kwa kuwa nyama hupoteza karibu robo ya uzito wake motoni, mwisho utabaki na gramu 700 hadi 750 zilizoiva. Mkigawana watu watano kwa mlo mmoja, kila mmoja anapata karibu gramu 150. Mkigawana kwa milo miwili, kila mmoja anapata karibu gramu 70 hadi 75, ambazo zina takriban gramu 20 za protini. Mtu mzima mwenye kilo 60 anahitaji kiasi kisichopungua gramu 48 za protini kwa siku nzima, naye huipata pia kwenye mikunde, nafaka, mayai na maziwa. Mtoto mdogo anahitaji kidogo zaidi ya hapo kwa kila kilo ya mwili wake, lakini jumla yake ni ndogo kwa sababu mwili wake ni mdogo. Kwa hiyo milo miwili kutoka kwa kuku mmoja haimnyimi mtu yeyote nyumbani kwako lishe anayohitaji. Mlo wa tatu utakuwa wa supu, yenye nyama kidogo iliyochambuliwa kutoka mgongoni na shingoni, na hapo lazima uongeze mikunde au mayai ili ushibishe kweli. Wanaodai kwamba kuku mmoja wa ukubwa huo anaweza kulisha watu watano kwa milo mitano wanahesabu harufu ya kuku kuwa ni nyama, na nisingependa ujilaumu kwa kushindwa kufikia kiwango ambacho hakipo.

Kwa nini, basi, anakwisha kwa mlo mmoja? Sababu kubwa ni kwamba unampika kabla ya kumgawa. Kuku akifika mezani akiwa mzima, au akiwa katika vipande vikubwa, ukubwa wa kipande ndio unaoamua kila mtu ale kiasi gani, wala si njaa yake. Anayepata paja analila lote, na anayepata kidari anakila chote, kwa kuwa hakuna anayerudisha nusu ya kipande sahanini. Nyama ileile ikikatwa vipande vidogo na kupikwa pamoja na mboga ndani ya mchuzi, mpishi ndiye anayeamua kiasi, nayo inagawanyika sawasawa hata kwa mtoto ambaye siku zote huachiwa bawa. Ndiyo maana nasisitiza kwamba uamuzi wa milo mingapi ufanyike ubaoni, kuku akiwa bado mbichi na kisu kikiwa mkononi, kwa sababu ukishaweka sufuria mezani umechelewa.

Kumgawa mbichi kunatatua pia ukavu wa kidari. Kidari ni msuli ambao kuku haufanyishi kazi nyingi. Una mafuta machache na tishu ngumu chache za kuunganisha nyama. Nyuzi zake zikipashwa joto hujikaza na kukamua maji, na kila nyuzijoto inayoongezeka baada ya 65 hivi hukamua zaidi. Miguu na mapaja ni msuli wa kazi, umejaa kolajeni, yaani tishu hizo ngumu za kuunganisha nyama, ambayo huanza kulainika na kugeuka ute kuanzia nyuzijoto 70 hivi, nayo huhitaji muda. Ndiyo sababu paja hupendeza zaidi likifika nyuzijoto 80 hadi 85. Kwa usalama, sehemu zote za kuku zinapaswa kufikia nyuzijoto 74 katikati ya nyama. Utaona basi kwamba kidari na paja vinaomba moto tofauti, na ukivitia sufuria moja kwa muda mmoja, ama paja litakuwa gumu karibu na mfupa, ama kidari kitakauka. Kuku wako anakauka kwa sababu unasubiri paja liive, na kusubiri huko ni sahihi. Kidari ndicho ambacho hakikupaswa kuwa humo.

Kazi yenyewe ya kukata si ngumu kama inavyoonekana, mradi ukumbuke kwamba hukati mfupa, unatafuta kiungo. Chukua kisu kidogo chenye makali, kwa kuwa kisu butu huteleza na ndicho kinachokata vidole. Mlaze kuku chali, chana ngozi iliyo kati ya paja na mwili, kisha ukunje mguu mzima kwa nje mpaka usikie mfupa umechomoka kwenye tundu lake. Pitisha kisu hapo kwenye gegedu, nao mguu utatoka bila nguvu. Fanya hivyohivyo kwa mguu wa pili na kwa mabawa. Kisha tafuta kwa kidole mfupa unaosimama katikati ya kifua, telezesha kisu ubavuni mwake huku ncha ikigusa mbavu, na uendelee kwa mikato mifupi mpaka kidari kibanduke. Kinachobaki ni mgongo na mbavu, pamoja na shingo, moyo, ini na firigisi kama umeuziwa. Mara ya kwanza utaacha nyama nyingi kwenye mifupa, lakini haipotei, kwa sababu itapikwa katika supu na utaichambua baadaye. Ukiona mikono inasita, mwombe muuza nyama amkate kuku mbele yako taratibu, usimame karibu utazame viungo vilipo, kwani somo la namna hiyo hufundisha kuliko maelezo ya kurasa nyingi, yakiwemo haya yangu.

Baada ya hapo ningekushauri upike miguu na mapaja siku ya kwanza, kwa moto mdogo na mchuzi, mpaka nyama ianze kuachia mfupa, na kabla ya kupakua uchambue nyama hiyo na kuirudisha sufuriani. Vidari vipake chumvi, karibu gramu 10 kwa kilo, uvifunike na kuviweka kwenye friji mpaka kesho yake. Chumvi huingia ndani ya nyama na kuisaidia kushikilia maji yake. Siku ya pili vikate vyembamba, ukikatisha nyuzi na si kuzifuata, na uvipike kwa haraka kwenye moto mkali pamoja na mboga nyingi. Vipande vyembamba huiva kwa dakika chache, kwa hiyo havipati nafasi ya kukauka. Kama mlo wa pili hautakuwa kesho au keshokutwa, gandisha vidari siku ileile uliyonunua, usingoje mpaka uone shaka.

Mifupa nitaizungumzia kwa uangalifu, kwa sababu imejaa ahadi zisizo za kweli. Supu ya mifupa ina ladha, ute, na protini kiasi, lakini kalsiamu inayotoka kwenye mfupa na kuingia majini ni kidogo mno, hata ukichemsha kutwa, kwa hiyo isichukue nafasi ya maziwa au mboga za majani kwa watoto. Thamani yake iko katika ladha: hufanya nafaka na mikunde iliwe kwa hamu hata pasipo nyama, na hapo ndipo mlo wa tatu unapopatikana. Weka mgongo, mabawa, shingo na mifupa ya mapaja katika maji baridi yanayofunika tu, yakichemka punguza moto yatokote polepole, ondoa povu, na upike saa mbili hadi tatu. Nyama ya mgongoni na ya mabawa itoe baada ya saa moja hivi, ikiwa bado na utamu wake, na mifupa irudi.

Lakini hesabu moto. Saa tatu za gesi, mkaa au umeme kwa mifupa ya kuku mmoja zinaweza kula akiba yote uliyoipata kwa kumkata. Kama una friza, kusanya mifupa ya kuku watatu au wanne uichemshe kwa pamoja. Kama una sufuria ya presha, mvuke ndani yake hufikia karibu nyuzijoto 120, na kazi ya saa tatu humalizika kwa chini ya saa moja. Kama huna hata kimoja kati ya hivyo, pika mifupa ndani ya sufuria ileile ya mikunde, ambayo ingekaa motoni muda mrefu hata hivyo, ukihakikisha umeitoa yote kabla ya kuwapakulia watoto, hasa vile vijifupa vidogo vya shingo na mabawa.

Sasa hofu yako kuhusu kiporo, ambayo naiona kuwa ya maana kuliko pesa. Nyama ya kuku mbichi mara nyingi hubeba bakteria wa salmonela na kampilobakta. Kuiosha kwa maji ya bomba hakuwaondoi; matone hurukia bomba, sahani na mboga zitakazoliwa mbichi, na hivyo kuwasambaza. Ndimu na siki pia haziwamalizi. Kinachowaua ni joto la nyuzi 74, kwa hiyo kama kuna damu au vinyoya, vifute kwa karatasi uitupe, kisha osha mikono, kisu na ubao kwa sabuni. Rangi ya nyama si kipimo cha kutegemewa: nyama iliyo karibu na mfupa wa kuku mchanga inaweza kubaki nyekundu ingawa imeiva, na iliyopauka inaweza kuwa haijafika joto hilo. Kipimajoto cha nyama ni kifaa kidogo ambacho ningekihesabu katika gharama za lazima kwa anayepika kuku kila wiki.

Kiporo chenyewe hakidhuru kwa sababu tu kimelala. Hudhuru kwa sababu ya saa kilizokaa kati ya nyuzijoto 5 na 60, ambamo bakteria huongezeka haraka. Wapo bakteria ambao chembe zao hustahimili hata kuchemka, na sufuria kubwa ya supu iliyoachwa jikoni usiku kucha huwapa joto wanalolitaka kwa saa nyingi. Wengine huacha sumu ambayo kupasha moto upya hakuiondoi, na ndiyo sababu supu iliyosahauliwa mezani usiku haiwi salama kwa kuchemshwa asubuhi. Gawa mabaki katika vyombo vya kina kifupi, visivyozidi sentimita 5 hivi, uvisimamishe katika maji baridi ikiwezekana, na uviweke kwenye friji ndani ya saa mbili tangu vitoke motoni. Huna haja ya kungoja vipoe kabisa. Kuku mbichi akae kwenye friji siku moja au mbili tu, aliyepikwa siku tatu hadi nne, na ukimpasha moto, mpashe wote mpaka atoe mvuke mkali hadi katikati, mara moja tu na kwa kiasi mtakachokula.

Friza ya nyuzijoto 18 chini ya sifuri husimamisha bakteria bila kuwaua, hivyo usiyeyushe nyama mezani. Iyeyushe ndani ya friji tangu jana yake, au katika mfuko usiopitisha maji ndani ya maji baridi yanayobadilishwa kila nusu saa, na katika njia hii ya pili uipike papo hapo. Fungasha kwa mlo mmoja mmoja, mfuko ukiwa bapa na hewa imetolewa, na uandike tarehe. Nyama iliyoyeyuka ndani ya friji yaweza kugandishwa tena bila hatari, ingawa itapoteza maji na ladha. Na ikiwa siku fulani huna friji, au umeme haukuaminiki, ushauri wangu unabadilika kabisa: nunua nusu ya kuku, au gawana kuku na jirani, na mle wote siku hiyo, kwa maana hakuna akiba inayolipia mtoto kulazwa.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Kama nyumbani kuna mjamzito, aulize kliniki yake kuhusu ini, kwa kuwa lina vitamini A nyingi sana, na ikizidi yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mwenye jongo au ugonjwa wa figo azungumze na daktari au mtaalamu wa lishe kabla ya kuzidisha maini, firigisi na supu nzito. Na mtu akiharisha baada ya kula kuku, mpe maji yenye chumvichumvi za kurudisha maji mwilini (ORS), lakini usikae naye nyumbani akiwa na damu kwenye choo, homa kali, au kutapika kusikomruhusu kunywa, au kuhara kunakozidi siku tatu. Kwa mtoto mchanga, mzee au mjamzito usingoje dalili hizo zote, mpeleke kituo cha afya mapema. Kampilobakta, kwa nadra, hufuatiwa baada ya siku au wiki chache na ganzi na udhaifu unaopanda kutoka miguuni, na hali hiyo ni ya hospitali siku hiyohiyo.